Kikombe cheupe kwanza, rangi baadaye

Anayeanza kuchora huniuliza karibu kila mara: ninunue rangi zipi? Anatarajia nimtajie seti kubwa yenye tyubu za kila aina. Jibu langu humvunja moyo kidogo. Tyubu tatu: nyeupe ya titani, bluu ya ultramarini, na siena iliyochomwa, ile kahawia inayoelekea wekundu. Basi. Na cha kuchora ni kikombe cheupe kilichowekwa juu ya kitambaa cheupe, taa moja ikimulika kutoka ubavuni.

Mtu mpya akishika rangi nyingi, mkono wake hukimbilia majina: jani ni kijani, anga ni bluu, kikombe ni cheupe. Anachora anachokijua, na kilichopo mbele yake hakitazami tena. Kinachoifanya picha isimame ni mpangilio wa mwanga na giza, kitu ambacho sisi wachoraji tunakiita toni. Ukiipata toni, unaweza kuuchora uso wa mtu kwa zambarau na kijani na mtazamaji akaukubali bila ubishi. Ukiikosa, hata rangi ya ngozi iwe sahihi namna gani, uso utabaki bapa.

Kaa mbele ya kikombe. Finya macho mpaka vitu vipoteze undani wake na yabaki mabaka machache tu. Upande unaotazama taa ni mweupe kweli. Upande wa pili ni kijivu, tena kijivu kizito kuliko unavyodhani. Ubongo unajua kikombe ni cheupe, kwa hiyo unalisafisha lile giza kabla hujaliona vizuri. Ili kuukwepa ujanja huo, chukua kipande cha karatasi, kitoboe tundu dogo kwa ncha ya penseli, kisha uchungulie upande wa kivuli kupitia tundu hilo. Kikombe kikishaondoka machoni na kubaki doa la rangi peke yake, ule "weupe" unageuka kijivu waziwazi, pengine chenye ubluu ndani yake. Sasa telemsha tundu hadi karibu na kitambaa. Pale chini kivuli kinapata nuru kidogo tena: mwanga wa taa umegonga kitambaa ukarudi juu.

Mwanga huo wa kurudi una hatari yake. Anayeugundua kwa mara ya kwanza huupenda kupita kiasi, anauchora mkali karibu sawa na upande wa taa, na kikombe cha udongo kinaanza kung'aa kama sufuria. Kanuni ninayoifundisha ni fupi: sehemu yenye nuru kuliko zote ndani ya kivuli bado iwe na giza kuliko sehemu hafifu kuliko zote ndani ya mwanga. Ukiivunja kanuni hiyo, umbo linavunjika nalo.

Kuchanganya ni rahisi. Ultramarini na siena zikikutana kwa viwango vinavyokaribiana zinatoa giza linalokaribia weusi. Zidisha bluu, kijivu kinapoa. Zidisha siena, kinapata joto. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hushtuka, maana walidhani kijivu ni kimoja. Nyeusi ya tyubu siipigi marufuku kama walimu wengine wanavyofanya, naichelewesha tu. Na ongeza giza kwenye nyeupe kidogo kidogo, usifanye kinyume chake. Ukianza na giza kisha utake kulipandisha, utamaliza nusu ya tyubu ya nyeupe kabla hujafika unakokwenda, na paleti, ule ubao wa kuchanganyia, yote itakuwa imejaa rangi usiyoihitaji.

Kuhusu aina ya rangi sitakaa sana, ila lazima ujue zinavyokauka. Akriliki, yaani rangi ya gundi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka maji yake yakishatoka. Rangi za mafuta haziko hivyo: mafuta ya kitani huvuta oksijeni ya hewani na kuganda polepole, siku kadhaa au wiki kulingana na unene. Ndiyo maana tabaka la chini huwa na mafuta machache na la juu mengi zaidi. Ukigeuza mpangilio huo, la juu litakauka kwanza, kisha lipasuke wakati la chini bado linajongea. Akriliki haina mkosi huo lakini ina wake: gundi iliyomo, ikiwa mbichi, ina weupe wa maziwa, na ikikauka inakuwa angavu, hivyo rangi huishia na giza zaidi ya ulivyoichanganya. Rangi za maji hufanya kinyume, hufifia. Paka doa la majaribio pembeni, lisubiri likauke, ndipo uamue. Mimi humwanzisha mtu kwa akriliki kwa sababu anaweza kufunika asichokipenda muda si mrefu baada ya kukipaka. Ubaya wake ni kwamba inakauka kabla hujamaliza kulainisha kingo.

Brashi iwe pana na bapa, kubwa kuliko moyo wako unavyotaka. Brashi nyembamba humshawishi mtu achore kope kabla kichwa hakijakaa mahali pake. Ioshe kwa sabuni papo hapo. Akriliki ikishakaukia kwenye mashina ya nywele, brashi hiyo imekufa.

Nimetaja kingo, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu naona ndipo mchoraji anapoanza kutofautiana na mtu anayepaka rangi ndani ya mistari. Tazama tena kikombe. Mdomo wake upande wa taa unakatwa kwa ukali dhidi ya kivuli kilicho nyuma. Ukifuata ubavu wa pili kwenda chini, utafika mahali ambapo kivuli cha kikombe na kivuli kilichoanguka juu ya kitambaa vinakaribiana toni kiasi kwamba mpaka unatoweka. Anayeanza huuzungushia mstari. Anaona aibu kuuacha, kana kwamba amesahau kumaliza kazi. Uache. Jicho la mtazamaji litauziba mwanya huo lenyewe, na kikombe kitaonekana kimekalia kitambaa kwa uzito wake. Kwa akriliki, paka toni zote mbili haraka, kisha zikiwa bado mbichi pitisha brashi safi isiyo na maji juu ya mpaka, mara moja, bila kurudia. Ukirudia unatengeneza tope.

Sasa nije kwenye sanaa ya leo, maana wengi wanaojifunza kwangu hupenda kikombe lakini wakiingia kwenye maonyesho ya kisasa hukunja uso. "Hii hata mtoto angeweza." Sibishani nao kwa nadharia. Nawaambia waiulize picha maswali yale yale waliyokiuliza kikombe: toni ziko wapi, kingo zikoje, rangi imekaa nene au nyembamba?

Mchukue Gerhard Richter, Mjerumani. Mwaka 1988 alichora picha 15 kuhusu vifo vya wanachama wa Baader-Meinhof, kundi la wapiganaji wa mrengo wa kushoto wa Ujerumani Magharibi, zikitokana na picha za polisi na za magazeti. Zote ni za kijivu. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, aliivutavuta mpaka kila ukingo ukalegea. Mtu aliyewahi kuchora kikombe anaelewa mara moja uzito wa uamuzi huo. Sisi tunachagua ukingo upi uwe mkali ili tumwongoze mtazamaji. Richter kazilegeza kingo, na jicho linatafuta pa kutua lisipapate. Fotografia za matukio kama hayo hudai kukuonyesha ukweli wote. Picha hizi zinakunyima, na unyimaji huo haujaelezwa kwa maneno yoyote, umefanywa kwa brashi. Mtu anaweza kutozipenda, ni haki yake. Kusema hazina ufundi ni kutozitazama.

Au Kerry James Marshall, Mmarekani anayeishi Chicago. Watu anaowachora ni weusi kabisa, na picha ndogo kwenye simu itakudanganya kwamba amepaka nyeusi ya tyubu akaondoka. Ukisimama mbele ya kazi yenyewe, weusi unaanza kugawanyika. Hutumia nyeusi za aina tatu: ya pembe, ya kaboni na ile ya oksidi ya chuma, na huzichanganya na rangi kama bluu ya kobalti au kijani cha kromu ili moja iwe ya baridi, nyingine ya joto. Shavu, pua na paji la uso vinatenganishwa kwa tofauti ndogo sana za toni. Ni zoezi la kikombe cheupe lililopinduliwa: kule giza limejificha ndani ya weupe, huku nuru imejificha ndani ya weusi. Mwaka 2018 picha yake "Past Times" ya mwaka 1997 iliuzwa kwa dola milioni 21.1, na magazeti yakaandika zaidi juu ya bei kuliko juu ya weusi wake. Inachosha.

Unene wa rangi nao una historia yake. Helen Frankenthaler, mchoraji Mmarekani, mwaka 1952 aliyeyusha rangi ya mafuta kwa tapentaini mpaka ikawa maji, akaimwaga juu ya kanvasi isiyopakwa praima (tabaka la msingi linalokinga kitambaa), iliyotandazwa sakafuni. Rangi ikazama ndani ya nyuzi. Picha hiyo, "Mountains and Sea", iliwafungulia njia wachoraji wengi waliomfuata, ingawa mimi kama fundi sikushauri umwige: mafuta yanayogusa kitambaa kitupu hukiozesha taratibu, na huacha duara la mafuta kuzunguka rangi. Ukitaka athari ile, tumia akriliki iliyoongezwa maji, kama yeye mwenyewe alivyohamia akriliki baadaye. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda. Kitambaa hicho kina matundu na mishono, naye haviondoi. Vinaingia katikati ya mandhari au ya mwili wa mtu, na umbo linalazimika kuelewana navyo. Amoako Boafo wa Ghana huweka brashi kando anapofika kwenye ngozi na kuchora kwa vidole, hivyo misukosuko ya mkono inabaki pale pale usoni. Luc Tuymans wa Ubelgiji anajulikana kwa kumaliza picha ndani ya siku moja, na ukiitazama kazi yake kwa karibu utaona toni zimekutana zikiwa mbichi. Mchoro wa aina hiyo hauna nafasi ya kurekebishwa kesho yake. Kila mpigo wa brashi ni wa kweli au ni wa kukwangua.

Si kwamba nasifu kila kitu. Naona picha nyingi kubwa za siku hizi ambazo ni fotografia iliyomulikwa juu ya kanvasi, mistari ikafuatwa, rangi ikajazwa, kisha ukubwa ukaachiwa kazi ya kutisha watu. Ndani yake hakuna hata ukingo mmoja ulioamuliwa na mtu. Kuna pia maelezo ya ukutani yanayoisemea picha maneno mazito ambayo picha yenyewe haijayatamka. Ushauri wangu ni kuyasoma mwishoni, au kuyaacha. Na kuchora kutoka kwenye picha ya simu sikatazi, ila kumbuka kamera ya simu huzisawazisha toni bila kukuuliza: vivuli inavipandisha na nuru inaipunguza. Ule uamuzi uliopaswa kuufanya wewe umeshafanywa kabla hujashika brashi.

Kwa wanaosema mtoto angeweza, nina zoezi lingine. Kuanzia mwaka 1950 hadi kufa kwake mwaka 1976, mchoraji Josef Albers alichora mamia ya picha za miraba iliyo ndani ya miraba, rangi ikitoka moja kwa moja kwenye tyubu na kupakwa kwa kisu, na nyuma ya ubao aliandika ni rangi zipi alizotumia. Inaonekana kazi rahisi. Basi chukua kile kijivu cha kikombe, paka miraba miwili midogo iliyo sawasawa, mmoja juu ya karatasi nyeusi na mwingine juu ya karatasi nyeupe. Miraba ile ile itaonekana kama vijivu viwili tofauti. Kisha jaribu kazi ngumu: paka vijivu viwili tofauti ambavyo, vikikaa juu ya nyeusi na nyeupe, vitaonekana kuwa kimoja. Utachanganya, utafuta, utachanganya tena, na kila mara kimoja kitakusaliti kikikauka.

Ukienda kwenye maonyesho baada ya hapo, usianzie katikati ya picha. Nenda ubavuni, pale kanvasi inapokunjwa kuzunguka fremu, kama walinzi wanakuruhusu kusogea. Wachoraji wengi hawajisumbui kusafisha pale. Utakuta rangi ya chini iliyofunikwa, michirizi iliyotiririka, mahali praima ilipoishia, pengine hata rangi ya waridi chini ya picha ambayo kwa mbele yote ni ya kijani. Kutoka hapo rudi mbele, finya macho, uanze na toni.