Mchango wa makao ya watoto huanzia juu ya paa, si kwenye picha

Grupu la WhatsApp linafunguliwa Reading au Birmingham. Inawekwa picha ya mtoto asiye na viatu, namba ya akaunti na maneno "ndugu zangu, tuwakumbuke yatima wetu nyumbani". Orodha ya ahadi inaanza kwa kasi, inafika jina la kumi na saba, inalala. Mweka hazina anabaki kukumbusha watu mpaka wanaanza kujitoa mmoja mmoja. Roho za watu hazina tatizo. Ombi halikusema pesa inanunua nini, kiasi gani, wala kazi itaisha lini. Nitaeleza namna ya kulipanga upya, nikichukulia mfano wa kawaida: Watanzania walioko Uingereza wanaotaka kuboresha makao ya watoto 40 na wafanyakazi 6 mkoani Dodoma.

Karatasi kwanza. Tanzania Bara, makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya 2011. Omba nakala ya leseni, kisha mpigie afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika umuulize kama anayajua makao hayo na mara ya mwisho aliyakagua lini. Mkuu wa makao muombe idadi ya watoto kwa umri na jinsia, na wangapi wana mzazi au ndugu aliye hai. Swali hilo la mwisho hukera baadhi ya wakuu wa makao, lakini usiliruke. Watoto wengi wanaoitwa yatima wana mama, bibi au mjomba. Kilichowapeleka makaoni ni umaskini, ugonjwa au umbali wa shule.

Ndiyo maana sishauri kuchangia bweni jipya. Kitanda kipya hakikai kitupu, na familia iliyokuwa inajikaza inaona afadhali imlete mtoto. Kenya walishafika mbali zaidi: tangu Novemba 2017 usajili wa makao mapya ulisimamishwa, na mkakati wao wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Boresha kinachowagusa walio ndani sasa, yaani maji, choo na jiko, halafu tenga fungu la nauli na ufuatiliaji kwa ajili ya wanaoweza kurudi kwao. Fungu hilo halipendezi kwenye bango. Liweke hivyo hivyo.

Maji: hesabu kabla ya huruma

Wachangishaji wengi huandika "tunataka kuwanunulia simtanki". Tanki la lita ngapi? Litajazwa na nini? Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja. Toa karibu asilimia 20 inayoruka, kuvuja au kukauka juu ya bati. Paa la mita za mraba 150, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, ambayo ndiyo hali ya Dodoma, linakupa 150 × 550 × 0.8, yaani lita 66,000. Pima eneo la chini lililofunikwa na paa, ukuta kwa ukuta pamoja na upenu. Ukipima urefu wa bati kufuata mteremko utajidanganya, maana mvua haijali mteremko.

Sasa matumizi. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Watu 46 wanahitaji lita 690 kila siku, kwa hiyo lita 66,000 zinaisha baada ya siku 95 hivi. Mvua ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi ni kama siku 210. Anayewaahidi wachangiaji kwamba tanki moja "litamaliza tatizo la maji" anawadanganya bila kukusudia.

Maji ya mvua yabebeshwe mzigo yanaouweza: kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu. Hapo ni lita 230 kwa siku, na kwa siku 210 unahitaji lita 48,300. Maana yake ni matanki matano ya lita 10,000, siyo moja. Kufua, kuoga na kusafisha vyoo kutegemee bomba la mamlaka ya maji, au mradi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama ni kijijini, au boza. Kama pesa haitoshi matanki matano, nunua mawili mwaka huu ukiwa umeshajenga msingi wa yote matano. Kumrudisha fundi na gari la mchanga mara ya pili kunakula pesa kuliko saruji yenyewe.

Msingi ndio unaowaumbua wengi. Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. La 10,000, tani 10. Likikaa juu ya tofali zilizopangwa tu, au msingi ukawa mdogo kuliko kitako chake, plastiki inajikunja ukingoni na kupasuka, mara nyingi msimu wa kwanza tu linapojaa. Kwa tanki la lita 5,000, zege la mita 2.4 kwa 2.4 lenye unene wa sentimita 15 linatosha kama ardhi imeshindiliwa vizuri. Ujazo wake haufiki mita moja ya ujazo, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Fundi akikuandikia mifuko 15 kwa zege hilo peke yake, muulize kwa upole tisa inakwenda wapi. Pengine ni ya ukuta wa kuinua msingi, na hilo ni jibu halali. Inua msingi kiasi cha sentimita 50 hadi 60 ili ndoo ya lita 20 iingie chini ya koki. Maji yanayofurika yapelekwe mbali kwa bomba. Yakimwagika mguuni mwa msingi, mvua tatu zinatosha kuchimba udongo chini ya zege.

Halafu kuna maji ya kwanza ya mvua, yanayoshuka na vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa la mita za mraba 150 tupa angalau nusu milimita ya mwanzo, yaani lita 75. Michoro mingi ya mtandaoni inaonyesha kipande cha bomba la inchi 4 kilichosimama wima kando ya tanki, chenye kifuniko chini. Bomba hilo linabeba kama lita 8 tu kwa mita, kwa hiyo ungehitaji mita 9 za bomba. Weka pipa la lita 100 lenye tundu dogo chini la kujimwaga taratibu, au gawa kazi hiyo kwenye kila bomba linaloshuka kutoka kwenye gata. Mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu wa mbu, na tanki lisipitishe mwanga, la sivyo ukijani utaota ndani.

Choo na jiko kwa kifupi. Hesabu tundu moja kwa watu wasiozidi 20, wasichana na wavulana mbalimbali, komeo ndani kwa kimo ambacho mtoto wa miaka sita anakifikia, na sehemu ya kunawia iliyo nje ya mlango, isiwe mita thelathini mbele. Upande wa wasichana uwe na pipa la pedi lenye mfuniko na mtu aliyepangiwa kulimwaga. Kwenye jiko, mjue kwamba serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Makao ya watu 46 hayafiki idadi hiyo, lakini mpishi anavuta moshi uleule. Kununua jiko la gesi ni rahisi. Kujaza mtungi kila mwezi ndiko kunakoshinda. Kama bajeti haina kujaza mtungi kwa miezi 12, usinunue jiko.

Profoma, si makadirio

Kabla ya kutangaza chochote, pata profoma tatu, yaani ankara za bei kutoka kwa wauzaji, kwa kila kifaa kikubwa, zote kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni kumekatazwa, kwa hiyo muuzaji anayekutajia dola kwa sababu unapiga simu kutoka Ulaya anakupima. Vifaa, usafiri na ufundi vikae mistari mitatu tofauti. Hakikisha bei imejumuisha VAT na kwamba utapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ongeza asilimia 10 ya dharura, maana pauni inayumba na bei ya nondo haikusubiri umalize kuchangisha.

Sasa vunja jumla hiyo vipande ambavyo mtu anaweza kuvibeba: msingi mmoja, mita 20 za gata, mtungi wa gesi wa mwezi mmoja. Badala ya "changia chochote", mpe mtu kipande chenye jina. Kwenye orodha weka safu mbili, ahadi na iliyoingia. Jumla mnayoitangaza iwe ya safu ya pili tu.

Pesa inavyopungua njiani

Jukwaa la mtandaoni linalokata asilimia 2.9 pamoja na peni 25 kwa kila mchango linachukua karibu peni 40 kwenye mchango wa pauni 5. Hiyo ni asilimia 8. Kwenye pauni 50 linachukua pauni 1.70, asilimia 3.4. Kwa michango midogo ya grupu, uhamisho wa kawaida wa benki kwa benki ndani ya Uingereza unashinda. Ila isiwe akaunti yako binafsi. Miamala mingi midogo inayoingia ghafla, kisha kiasi kikubwa kinachotoka kwenda nje, ndiyo hasa benki hukitilia shaka, na akaunti ikifungiwa ni mshahara wako pia uliofungiwa.

England na Wales, shirika la hisani lenye mapato yanayozidi pauni 5,000 kwa mwaka linapaswa kusajiliwa. Kama kazi yenu ni ya mara moja, ombeni shirika lililokwisha kusajiliwa liwabebe, mkubaliane kwa maandishi asilimia watakayobaki nayo. Faida kubwa hapo ni Gift Aid: kila pauni 1 ya mlipakodi inaongezwa peni 25 na serikali, mradi amejaza tamko lenye jina na anwani yake. Haifanyi kazi kwenye tiketi ya nyama choma, kwa sababu aliyelipa amepata sahani. Kwenye sherehe, tiketi ilipe ukumbi na chakula tu, na bahasha ya mchango ipite peke yake, pamoja na fomu na kalamu.

Wakati wa kutuma, chagua gharama zote zibebwe na mtumaji, ambazo benki huandika OUR. Ukichagua SHA, yaani gharama za kugawana, benki ya katikati inaweza kukata kwake, muuzaji anapata pungufu ya profoma, na tanki halitoki dukani kwa sababu ya upungufu wa shilingi elfu arobaini. Jina la mpokeaji liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo benki. Akaunti ya makao iwe na watia saini wawili wasio mume na mke.

Vifaa vilipwe moja kwa moja kwa muuzaji. Ufundi ulipwe kwa hatua: msingi ukikauka, gata na mabomba yakifungwa, na asilimia 10 ya mwisho baada ya majaribio. Majaribio ni kulijaza tanki, kuweka alama ya kina, kufunga koki na kurudi baada ya saa 48. Maji yakiwa chini ya alama, fundi hajamaliza.

Kuhusu kontena la nguo na magodoro yaliyotumika, jibu langu ni hapana. Ushuru, wakala wa forodha na tozo za kuchelewa bandarini vinaweza kupita thamani ya mzigo, na nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku Tanzania. Godoro jipya linapatikana Dodoma mjini.

Mrejesho kwa wachangiaji uwe picha ya tanki, picha ya risiti, na hesabu ya kilichobaki hata kama ni shilingi 3,200. Picha za watoto acheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi Tanzania tangu Mei 2023, na mtoto aliyepigwa picha akipokea sabuni atakuwa na miaka ishirini siku moja, picha ikiwa bado inazunguka.

Kwenye bajeti ya mwaka wa pili kuna mstari mmoja ambao karibu kila mtu anausahau: mtu wa kupanda na ngazi kila Novemba, kabla ya mvua, kufagia paa, kutoa majani kwenye gata na kusafisha pipa la maji ya kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja. Andikeni jina lake kwenye makubaliano, na ngazi iwe ya makao, siyo ya kuazima kwa jirani.