Modemu si kila kitu chenye taa

"Kaka, naomba draiva ya modemu ya Ubuntu." Huu ni ujumbe wa tatu wa aina hii mwezi huu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, wote wamefungiwa faiba nyumbani na wote wametoka kuhamia Linux, mfumo wa kompyuta ambao Ubuntu ni toleo lake mojawapo. Wote nimewajibu vilevile: draiva hiyo, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kutumia kifaa, haipo, na huihitaji. Mmoja alinuna, akadhani namficha. Linux haina kosa hapa. Kinachowahangaisha ni neno "modemu".

Maana yake kwa haraka. Modemu hugeuza data ya kompyuta iwe mawimbi yanayoweza kusafiri kwenye waya au hewani, na upande wa pili huyageuza mawimbi yawe data tena. Ruta huunganisha mitandao, mfano wa nyumbani kwako na ule wa kampuni inayokuuzia intaneti, na kuelekeza kila pakiti ya data iendako. Kisanduku kimoja kinaweza kubeba kazi zote mbili, na hapo ndipo vurugu ilipoanzia.

"Modemu" ni vipande viwili vya Kiingereza vilivyobandikwa pamoja, modulator na demodulator. Nyuma yake kuna Kilatini modulari, kitenzi kilichozaliwa na modus, yaani kipimo. Warumi walikitumia kwa mtu anayeimba au anayepiga ala kwa kufuata kipimo. Kwa Kiswahili jambo hilo tumelijua siku zote, tunaliita mizani. Mtunzi wa utenzi ana habari yake, lakini haimwagi hivihivi. Huipanga kwa mizani nane kila kipande ndipo ibebeke kwa sauti, na msikilizaji huipokea sauti akaitoa habari ndani yake. Modemu ya waya wa simu haikufanya zaidi ya hapo. Waya ule ulijengwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, haukujua sifuri wala moja, basi ikabidi sifuri na moja ziimbwe. Bell 103 ya AT&T, iliyotoka 1962, iliimba noti mbili tu: upande uliopiga simu ulitoa mlio wa hezi 1,270 kwa moja na hezi 1,070 kwa sifuri, na upande uliopokea ulijibu kwa milio yake miwili ya juu zaidi. Kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Aliyewahi kusikia kompyuta ikipiga simu na kukoroma kabla ya intaneti kushika ameusikia utenzi huo kwa masikio yake.

Wengi wetu Afrika Mashariki, hata hivyo, hatukulipata neno hili kwenye waya wa simu. Tulilipata kwenye kile kidude mithili ya fleshi, unatia laini, unachomeka kwenye USB, unajiunga bando. Kile kilikuwa modemu kwelikweli. Na kwenye Linux kilisumbua kwelikweli: ukikichomeka kilijifanya sidii yenye programu za Windows, mpaka programu iitwayo usb_modeswitch ikibembeleze kiache maigizo. Ndipo Linux inakiona kama modemu na kukipa jina /dev/ttyUSB0, na kompyuta yenyewe inapiga *99#, namba ya kufungulia intaneti, kama vile inampigia mtu. Amri zake zilianza na herufi AT, kifupi cha neno la Kiingereza la kumwambia mtu "sikiliza", urithi wa modemu za Hayes za 1981. Kwa hiyo anayeniomba draiva leo anakumbuka shida ya kweli, ila anaibebesha kitu kingine.

(Na mpaka kati ya modemu na ruta haujanyooka hata hapo. Huawei walikuja na vidude vya aina ya HiLink, umbo lilelile la fleshi, lakini ndani mna ruta ndogo yenye anwani 192.168.8.1. Linux ikikiona inadhani ni kadi ya mtandao, haina habari na *99#. Duka zima linakiita modemu.)

Sasa kisanduku cha faiba. Kinachoingia ukutani kwako ni uzi wa kioo unaobeba mwanga, ambao kwa mtandao wa aina ya GPON una urefu wa mawimbi wa nanomita 1,490 ukishuka kwako na 1,310 ukipanda. Sehemu inayoupokea mwanga na kuugeuza umeme inaitwa ONT. Kama ONT ni modemu au siyo, wahandisi wana ugomvi wao na mimi siingii. Ukiiita modemu nitanyamaza. Lakini kompyuta yako haizungumzi na ONT. Inazungumza na ruta, mara nyingi imo kwenye kisanduku hichohicho, na ruta inaongea kwa kebo ya mtandao au Wi-Fi, lugha ambazo Linux inazijua tangu zamani. Unachomeka kebo, NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mtandao, inaomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani, na ruta inatoa. Hakuna cha kusakinisha.

Ukikwama, mara nyingi ni kadi ya Wi-Fi ya laptopu, hasa zile za Broadcom. Hapo draiva inahitajika kweli, lakini ni ya kadi yako. Kisanduku cha ukutani hakihusiki. Mara chache fundi amekiweka kisanduku kipitishe tu data bila kufanya kazi ya ruta, na jina na nywila ya PPPoE, utaratibu wa kuingia kwenye mtandao wa kampuni, unatakiwa uviingize mwenyewe kwenye kompyuta. Ila kwa kawaida fundi huwa ameshaviweka ndani ya ruta kabla hajanywa hata maji.

Ruta nayo ina asili yake. Limetoka kwa route, njia, na hilo kwa Kilatini via rupta, njia iliyovunjwa, yaani iliyofyekwa kwa nguvu porini.

Basi, kaka uliyeniandikia jana, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike ip route. Ukiuona mstari unaoanza na "default via", namba inayofuata ni ya ruta yako, na hiyo via, ijapokuwa imekuja kwa mlango wa Kiingereza, ni ileile njia ya Warumi. Mstari ukiwepo na intaneti bado haipatikani, acha kutafuta draiva, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mpigie fundi umwambie mwanga haufiki kwenye kisanduku. Ukimwambia modemu imekufa atakuuliza ni ya laini gani.