EFB ni mkoba, si usukani

"Rubani wa siku hizi kazi hana, kishikwambi ndicho kinachorusha." Maneno haya hayeshi kwa wanaosafiri baina ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo. Haishangazi, maana kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, abiria wa mbele yupo mgongoni mwa rubani na anaona yote: kioo kimebanwa karibu na dirisha, ramani inang'ara, alama ya ndege inasogea kuelekea Nungwi. Na wapo wanaojitia ujuzi zaidi: "Hiyo ndiyo EFB, ndiyo inayoendesha."

EFB, kwa Kiingereza electronic flight bag, ni mkoba wa rubani uliohamishiwa kwenye kishikwambi. Ramani za viwanja, vitabu vya ndege, orodha za ukaguzi, hesabu za uzito na mafuta. Yale yale yaliyokuwa karatasi. Na karatasi zilikuwa mzigo kweli. American Airlines ya Marekani ilipomaliza kuiondoa mikoba hiyo mwaka 2013, ilisema mmoja ulikuwa na ratili 35, kama kilo 16. Aliyewahi kubanwa na kilo 15 pale kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Kisauni atafahamu.

Ndege ina vyombo vyake, vilivyofungwa na kuidhinishwa pamoja nayo. Hivyo ndivyo vinavyompa rubani mwendo, kimo na uelekeo, na kama ndege ina otopailoti, mtambo unaoishika ndege badala ya mikono ya rubani, nayo inasikiliza hivyo, haijui hata kama kishikwambi kipo. Kikizimika juu ya bahari, ndege haishtuki. Rubani amekosa karatasi, ndiyo maana huwa na akiba: kishikwambi cha pili, au karatasi zenyewe. Na kuzimika kupo. Waliotengeneza iPad wanasema itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Nawe kaa Februari, saa saba mchana, ndani ya ndege iliyoegeshwa juani, uone.

Aprili 2015 safari kadhaa za American hao hao zilichelewa kwa sababu ramani ya uwanja mmoja wa Washington iliingia mara mbili kwenye programu, ikagoma kufunguka. Ndege zilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni karatasi.

Ile alama inayosogea ndiyo inayowadanganya wengi. Inatoka kwenye GPS, haihitaji intaneti, na inamsaidia rubani kujua yupo wapi kwenye ramani. Lakini hairuhusiwi kushika nafasi ya vyombo vya ndege katika kuongoza safari.

Kuna na kosa la pili, hili la vijana wa fani wenyewe: kila kishikwambi chenye ramani wanakiita EFB. Kununua iPad sokoni Darajani hakukupi EFB. Lazima kampuni iwe imekubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga kukitumia, ijulikane kinafungwa wapi, rubani awe amefunzwa, akiba iwepo, na ramani ziwe za sasa, kwani hutolewa upya kwa mzunguko wa siku 28 unaofuatwa dunia nzima. Ramani iliyopitwa na wakati ni karatasi kuukuu tu, hata iwe na rangi nzuri vipi.

Kwa hiyo ukimuona rubani anakigusagusa kishikwambi kabla ya kuondoka, huenda anajumlisha uzito wenu na mabegi yenu. Mwenzio akisema hicho ndicho kinachoendesha, mwambie taratibu: rubani anasoma makaratasi yake.