Mkurugenzi wa shule anapoketi kujifunza pamoja na walimu wake

Tangu masomo ya msingi yalipofanywa bure Septemba 2019, shule za mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi, Kongo, zimepokea watoto ambao zamani walibaki nyumbani kwa kukosa minerval, yaani karo ya shule. Ni jambo jema, na tunapaswa kulitetea. Lakini mwalimu anakuta madawati yamejaa, na mbinu alizosomea hazimtoshi tena. Lazima abuni nyingine. Nani atamsaidia?

Wengi wanangojea semina. Semina inafaa, ila mwalimu akirudi darasani peke yake, mara nyingi aliyojifunza yanaishia daftarini. Mwaka 2008 mtafiti Viviane Robinson na wenzake walichambua tafiti nyingi kuhusu uongozi wa shule. Kati ya kazi za kiongozi walizolinganisha, iliyohusiana zaidi na mafanikio ya wanafunzi ni kukuza ujuzi wa walimu na yeye mwenyewe kujifunza pamoja nao.

Vikao vya pedagojia, yaani vya walimu kujadili ufundishaji, tunavyo, lakini vingi vinamezwa na matangazo na mambo ya mishahara. Matangazo yabandikwe ukutani. Kikao kibaki cha somo moja tu, kwa mfano hesabu za sehemu (kama nusu na robo) katika darasa la nne. Walimu waliandae pamoja, mmoja alifundishe, wengine wakae nyuma wakiwatazama watoto: nani ameelewa, nani ananakili tu kwa jirani? Kisha walirekebishe, na mwingine alifundishe tena. Walimu wa Japani wanafanya hivi tangu zaidi ya miaka 100, na hakuhitajiki mashine wala umeme.

Kinachozuia zaidi ni woga. Mkurugenzi akiingia darasani siku zote na karatasi ya alama, mwalimu atafundisha somo analolijua sana na kuficha linalomshinda. Kwa hiyo atenganishe ziara ya kutoa alama na ziara ya kusaidia, na awaambie walimu waziwazi leo amekuja kwa ipi. Heri zaidi yeye ndiye awe wa kwanza kufundisha somo gumu mbele ya wenzake na kukubali kukosolewa.

Shule zenye zamu mbili zina tatizo lao: walimu wa asubuhi na wa mchana hawakutani. Mkurugenzi apange siku moja kila juma ambapo zamu zinapishana kwa saa moja, aiandike katika ratiba, na asikubali shughuli nyingine iichukue.