Taa Iliyozimika Mara Tatu: Pete za Chariklo

Usiku wa mwezi giza, simama kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, uangalie taa za wavuvi wa dagaa. Ikazie macho moja tu. Ghafla inapotea, unahesabu moja, mbili, inawaka tena. Mvuvi hajaizima, kuna mtumbwi usio na taa umekatiza mbele yake. Hukuuona, lakini umeshajua upo, na kwa ule muda uliohesabu unaweza hata kukisia urefu wake.

Pete za Chariklo ziligunduliwa hivyo hivyo.

Chariklo ni bonge la barafu na mwamba lenye kipenyo cha kilomita 250 hivi, linalozunguka Jua katikati ya Zohali na Uranus. Mzunguko mmoja huchukua takriban miaka 63: mtu anazaliwa, anasoma, anaajiriwa hadi anastaafu, nalo bado liko njiani. Hata kwa darubini kubwa huonekana kama nukta tu.

Tarehe 3 Juni 2013 lilikuwa lipite mbele ya nyota ya mbali, na darubini kadhaa za Amerika Kusini zilikuwa zikilisubiri. Nyota ilipotea kwa sekunde chache, kama ilivyotarajiwa. Ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba ilififia kidogo kabla ya hapo, na ikafifia tena baadaye. Hata darubini ambazo hazikupitiwa na kivuli cha Chariklo lenyewe ziliona kufifia huko. Kamera ya kasi kwenye darubini ya Denmark huko La Silla, Chile, ndiyo iliyotenganisha mambo: pete ni mbili, moja ya upana wa kilomita 7 hivi, nyingine 3, na pengo la kama kilomita 9 kati yake. Kutoka kitovu cha Chariklo hadi kwenye pete ni karibu kilomita 400, kama safari ya treni kutoka Kigoma hadi Tabora.

Wagunduzi walizipa majina ya utani Oiapoque na Chuí, mito ya mipakani mwa Brazili. (Wangekuwa wa kwetu, leo tungezungumzia Malagarasi na Luiche.)

Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilikuta kwenye Chariklo dalili za barafu ya maji katika hali ya fuwele, yaani chembe zilizojipanga kwa mpangilio, kama kwenye chumvi ya Uvinza.

Kinachobaki kuwa fumbo ni kwa nini pete nyembamba hivyo hazijatawanyika. Wengi wanashuku kuna vijimwezi vinavyozichunga pembeni, mitumbwi mingine isiyo na taa.