Kisima cha gesi kinakuja kijijini? Pimeni maji yenu kwanza, kabla rigi (mtambo wa kuchoronga) haijafika

Jumapili iliyopita nilikua kijiji kimoja huku Mtwara vijijini, jamaa yangu kaniita nikaongee na watu maana wamesikia gesi ya Ntorya, eneo la gesi huku huku Mtwara, sasa inaenda kuendelezwa na kila mtu ana lake. Mwingine anasema ardhi itatitia, mwingine anasema mikorosho itakauka, vijana wao wanauliza ajira tu. Alafu bibi mmoja akanyoosha mkono, akasema "mwanangu, mi sina mengi, hicho kisima chenu na kisima changu cha maji vitakaa vipi pamoja?" Nimefanya kazi kwenye visima vya gesi miaka mingi, nilikua upande wa jiolojia, na nakwambia swali la maana kuliko yote siku ile lilikua hilo la bibi. Nilimjibu pale pale lakini muda ulikua mdogo kwa iyo naandika hapa vizuri.

Kwanza hofu hizi sio ujinga, tusiwasimange watu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Madimba, Mtwara, kwenda Dar likakamilika 2015, lakini katikati hapo kuna 2013, Januari na Mei, watu waliandamana kupinga bomba hilo, mali zikachomwa na watu wakafa. Aliyekuwepo Mtwara mwaka ule akisikia neno gesi anakumbuka mambo mengi. Na Ntorya sio jambo la jana, kisima cha kwanza kilichorongwa 2012, cha pili 2017, 2022 wakapita wale wa utafiti wa mitetemo (wanaotikisa ardhi kujua chini kuna nini) wanakata njia mashambani, leseni ya kuendeleza imetoka 2024. Watu wameona magari yanakuja yanaondoka zaidi ya miaka kumi, hawajakaa na mtu akawaeleza kinachofanyika chini.

Sasa chini kuna nini. Visima vya Ntorya vina kina cha zaidi ya mita 2,700. Maji mnayokunywa yako juu sana, makumi ya mita, pengine mia na kitu. Kati ya maji na gesi kuna zaidi ya kilomita mbili za mwamba, na gesi imekaa chini yake mamilioni ya miaka bila kupanda, kwa iyo mwamba wenyewe sio tatizo. Tatizo ni lile tundu tunalolitoboa sisi. Tundu linapita kwenye maji yenu kabla ya kufika kwenye gesi, na hapo ndo kazi yote ilipo.

Inatakiwa iende hivi: unachoronga mpaka upite tabaka la maji matamu, unasimama, unashusha bomba nene la chuma (saiti tunaliita kesingi), alafu unasukuma saruji nyepesi kama uji ndani ya bomba mpaka chini kabisa ili igeuke ipande kwa nje, kati ya chuma na mwamba, mpaka uione inatoka juu. Usipoiona inatoka juu ujue kuna mahali imepotelea. Unaiacha ikaze, unapima kwa presha, ndo unaendelea kuchoronga kwa tundu jembamba zaidi, na kila hatua bomba lingine na saruji nyingine. Ile saruji ya kwanza ndo ukuta kati ya gesi na ndoo ya bibi. Ikiwekwa kwa haraka haraka, kwa sababu rigi inalipiwa kwa siku na kila mtu anaangalia saa, gesi inaweza kupata upenyo wa kupanda kwa nje ya bomba. Siku ya mwaka mpya 2009 huko Dimock, jimbo la Pennsylvania Marekani, kisima cha maji cha mkazi kililipuka, na mamlaka ya mazingira ya jimbo ilisema gesi ilihama kwa sababu visima vya gesi vya jirani havikujengwa vizuri. Na methani, ambayo ndo gesi yenyewe kwa sehemu kubwa, haina harufu, ile harufu ya gesi ya mtungi inaongezwa makusudi, kwa iyo msisubiri kunusa.

Kitu cha pili ni tope. Wakati wa kuchoronga tunazungusha tope zito la udongo na madini ili lizuie presha ya gesi na litoe vipande vya mwamba, na mwisho wa siku lile tope linawekwa shimoni. Shimo linatakiwa litandikwe nailoni nzito na libaki na nafasi juu kwa ajili ya mvua. Niliwahi kuwa kwenye kazi moja, kampuni siitaji, mvua ikapiga usiku tope likamwagika kwenye shamba la mihogo la watu. Baada ya wiki kadhaa wakasema kisima chao kimekua na chumvi. Tulipima, kweli chumvi ipo. Lakini chumvi ilikuwepo toka zamani au imeletwa na sisi? Hakuna aliyekua na kipimo cha kabla. Kampuni ikasema ni ya asili, wanakijiji wakasema hapana, ikaishia hapo, hawakulipwa chochote kwa maji. Mimi nilikuepo na sikua na namna ya kuwasaidia, na mpaka leo inaniuma.

Ndo maana kila ninapoitwa nasema pimeni maji kabla rigi haijafika. Kila kisima kinachotumika, kiangazi na masika, maabara inayotambulika, mpime chumvi na metali na methani, chupa iandikwe tarehe na jina la kisima, mtendaji asaini, na nakala ya majibu ibaki kijijini, isiende na kampuni tu. Kampuni nzuri itapima yenyewe kwenye tathmini ya mazingira ambayo sheria inaidai, lakini ombeni majibu kwenye mkutano mkuu wa kijiji yasomwe kwa Kiswahili.

Fidia nayo ni hivyo hivyo. Hesabu mikorosho yako mwenyewe mapema, piga picha, mwenyekiti ashuhudie, maana mthamini akija na fomu yake asubuhi moja na wewe uko Mtwara mjini umekwisha. Kuna thamani ya ardhi na mazao, kuna posho ya usumbufu, ya makazi na usafiri, na wakichelewesha zaidi ya miezi sita kuna riba, idaini.

Kuhusu ajira niwe mkweli kwa vijana. Rigi inakaa miezi michache, inataka walinzi, madereva, wapishi na wa kufyeka, alafu inaondoka, na kisima kikishakamilika kinaangaliwa na watu wachache sana. Hela ya kudumu ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umehesabiwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, na unaingia halmashauri sio kijijini, kwa iyo diwani wenu muulizeni huo kila mwaka.

Yule bibi kisima chake kina mfuniko wa zege, nimemwambia kiwe na tundu la kupumulia maana gesi ikija inajikusanya chini ya mfuniko. Jumamosi narudi na chupa za sampuli, tunaanza na cha kwake.