Kwa nini Barbara Jordan alishindwa mara mbili Texas, kisha akashinda?

Wamarekani wa umri fulani wakisikia jina la Barbara Jordan, mwanasiasa mweusi wa Texas, hukumbuka sauti. Julai 1974, mbele ya kamera za televisheni, alieleza katika Kamati ya Sheria ya Bunge la Marekani kwa nini Rais Nixon alistahili kushtakiwa na Bunge ili aondolewe madarakani. Sauti nzito, neno baada ya neno, bila haraka. Ni rahisi kudhani ulimi huo ndio uliompandisha. Lakini alikuwa nao mwaka 1962 alipogombea ubunge wa jimbo la Texas akaanguka, na mwaka 1964 alipoanguka tena. Kilichobadilika hakikuwa yeye.

Jordan alizaliwa Houston mwaka 1936, binti wa mchungaji wa Kibaptisti, akakulia Fifth Ward, mtaa wa watu weusi. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Boston, akahitimu 1959, akarudi nyumbani na kuanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake.

Tatizo lake la kisiasa lilikuwa hesabu. Houston imo katika Kaunti ya Harris, na wabunge wa kaunti hiyo walichaguliwa na kaunti nzima, si mtaa kwa mtaa. Ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.2, na weusi walikuwa karibu mmoja katika kila watano. Hata Fifth Ward ingempa kura zake zote, zingemezwa na za mitaa ya wazungu. Isitoshe, ili kupiga kura za jimbo ulitakiwa kwanza kulipa kodi ya kura, hadi dola 1.75, pesa ambayo mfanyakazi wa ndani aliifikiria mara mbili. Kwenye Seneti ya Texas mambo yalikuwa mabaya zaidi: katiba ya Texas ilisema kaunti isiwe na seneta zaidi ya mmoja, hata ikijaa watu kiasi gani.

Mwaka 1964, katika kesi iliyotoka Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yakaribiane kwa idadi ya watu. Texas ikalazimika kuchora ramani upya. Harris ikaongezewa maseneta, na eneo jipya la 11 la Seneti likaangukia mitaa ileile iliyokuwa ikimpa Jordan kura. Mwaka 1966 mahakama zikafuta na kodi ya kura. Mwaka huohuo Jordan alimbwaga mbunge mzungu, J.C. Whitfield, katika mchujo wa chama cha Democratic kwa karibu theluthi mbili ya kura. Texas ya siku zile, ukishinda mchujo huo umeshinda uchaguzi.

Akaingia Seneti Januari 1967, mweusi wa kwanza tangu 1883 na mwanamke pekee kati ya maseneta 31. Waliotarajia afoke walikuta wakili anayesoma kanuni. Kwa desturi, muswada ulihitaji theluthi mbili ya maseneta ndipo ujadiliwe. Maana yake, 11 wakikataa, umekufa. Ulipoletwa muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, Jordan alitafuta wenzake kumi, kimyakimya, na muswada ukaishia hapo. Kwangu, hiyo inamweleza kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 1971 ramani zilichorwa tena, na safari hii Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya kuzichora. Likazaliwa eneo la 18 la Bunge la Marekani katikati ya Houston, nalo likamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Eneo lake la zamani la Seneti, hata hivyo, lilikatwakatwa. Mbunge mweusi Curtis Graves alimshutumu kwamba ameuza kiti cha weusi ili apande yeye, akagombea dhidi yake katika mchujo wa 1972. Jordan alipata karibu asilimia 80. Lakini Seneti ya Texas haikuwa na mweusi mwingine hadi 1983.